Kabla ya Kulipa, Uliza Mpinzani Alikuwa Wapi

Maneno haya niliyasema mbele ya wenye saiba, walimu wa kompyuta na vijana wa ufundi hapa Lamu. Wenzetu wa Faza, Kizingitini na Mpeketoni hawakuweza kufika, wakaomba niwaandikie. Nimeyaweka yote kama yalivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu wa Amu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni: ingieni ndani, viti vipo huku mbele.

Nianze na swali. Muuzaji ameweka mezani kompyuta mbili, zile zilizokwisha tumika Ulaya tunazoziita eksi-UK. Moja ina prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta, iitwayo Core i5 ya kizazi cha pili, nyingine Core i5 ya kizazi cha sita. Anakwambia, "Hii imeipita ile kwa vizazi vinne, kwa hivyo ongeza pesa." Je, vizazi vinne ni kasi mara ngapi? Mara nne? Mara mbili? Nasikia huko nyuma wanasema mara mbili. Haya, tuzifungue tuone.

Ya kizazi cha pili, i5-2400, ilitoka mwaka 2011. Ina viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja, na mapigo yake ya kawaida ni gigahezi 3.1, yaani bilioni 3.1 kwa sekunde. Ya kizazi cha sita, i5-6500, ilitoka 2015. Viini vyake? Vinne. Mapigo yake? Gigahezi 3.2. Ni kweli kila pigo la ile mpya hufanya kazi zaidi kuliko pigo la ile kuukuu, na umeme inakula kidogo: ya kwanza imepimwa wati 95, ya pili wati 65. Mwenye kununua tokeni ataiona tofauti hiyo. Lakini kasi mara mbili? Hapana, ndugu zangu. Hata karibu haifiki.

Sasa sogeeni mbele miaka miwili tu, mfike Oktoba 2017. Ikatoka i5-8400, kizazi cha nane. Viini sita. Na i3 ya kizazi hicho hicho, yule mdogo wa nyumba ambaye siku zote alikuwa na viini viwili, akapewa vinne. Yaani kilichouzwa jana kwa jina la i5, leo kimeuzwa kwa jina la i3 na kwa bei ya i3.

Vizazi vinne, badiliko dogo. Vizazi viwili, badiliko kubwa. Kwa nini? Wahandisi ni wale wale, kiwanda ni kile kile, hata teknolojia ya kutengeneza transista, zile swichi ndogo za ndani ya chipu, ni ile ile iitwayo ya nanomita 14. Kilichobadilika ni kimoja, nacho hakikuwa ndani ya Intel. Kilikuwa nje. Mpinzani, kampuni ya AMD, alikuwa amerudi.

Hilo ndilo nililolijia leo. Mkitaka kujua kompyuta ya mwaka fulani ina thamani gani, msiulize kwanza ni kizazi cha ngapi. Ulizeni: mwaka ule mpinzani alikuwa wapi?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu uhasama huu una asili yake. Intel ilianzishwa 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. AMD ilianzishwa mwaka uliofuata, 1969, na Jerry Sanders na wenzake. Wote hawa walitoka kampuni moja, Fairchild, kule California. Walikuwa wakijuana kwa majina na kwa tabia.

Mwaka 1981 kampuni ya IBM ikatoa kompyuta yake ya PC, na ndani yake iliweka prosesa ya Intel, 8088. IBM ilikuwa na sharti ambalo kila anayenunua kwa ajili ya shule anapaswa kulijua. Haikukubali kutegemea mlango mmoja. Ilitaka awepo mtengenezaji wa pili wa chipu ile ile, ili mmoja akikwama mwingine atoe. Ndipo mwaka 1982 Intel na AMD wakatia saini mkataba. Mnaona? Aliyeuleta ushindani huu mezani ni mnunuzi. Mnunuzi alisema, "Sinunui mpaka mje wawili."

Ndoa hiyo haikudumu. Ilipofika zamu ya prosesa ya 386, Intel ikakataa kuutoa mchoro wake. Wakaenda kwa wasuluhishi, wakaenda mahakamani, miaka ikapita. AMD haikukaa kitako kungoja hukumu. Ilitengeneza 386 yake yenyewe, ikaitoa sokoni 1991, na ikaipa megahezi 40 wakati ya Intel ilikuwa na 33. Kesi zenyewe zilikuja kuzikwa kwa mapatano mwaka 1995. Yule aliyeajiriwa kunakili alikuwa ameshajifunza kutunga.

Na hapa Amu hakuna haja ya kueleza sana. Mnajua jinsi washairi wa mji huu na wa Mvita walivyojibizana kabla ya Vita vya Shela. Ubeti unatoka huku, unafungwa fumbo, unatumwa. Kule hawalali mpaka wapate jawabu lililo zito zaidi. Angekuwa mshairi ni mmoja, asiye wa kumjibu, angetunga vile? Kwa nani?

Lakini nisije nikawaambia kwamba kila ushindani ni heri. Upo ushindani unaowapeleka wote wawili njia mbovu, na nataka vijana wa ufundi mlisikie hili vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya tisini walishindana kwa hesabu moja tu: mapigo kwa sekunde. Ilikuwa rahisi kuiandika kwenye tangazo. Tarehe 6 Machi 2000, AMD ikatangaza prosesa yake Athlon ya gigahezi 1, wa kwanza kufika. Intel ikajibu siku mbili baadaye. Siku mbili! Baada ya hapo Intel ikaona: ikiwa watu wananunua mapigo, tuwape mapigo. Ikatoa Pentium 4. Ili mapigo yaongezeke, kazi moja ikakatwakatwa iwe hatua nyingi fupi fupi. Toleo la 2004, lililoitwa Prescott, lilikuwa na hatua 31. Kila hatua fupi, kila pigo jepesi, na kosa moja la kukisia amri itakayofuata linamwaga kazi yote iliyokuwa inaendelea humo.

Kisha joto. Zamani, kila transista ilipopunguzwa, umeme wake nao ulipungua, na joto likabaki palepale. Robert Dennard alieleza jambo hilo mwaka 1974, na kwa miaka thelathini wahandisi wameishi kwa neema hiyo. Katikati ya miaka ya 2000 neema ikakatika. Transista zikawa ndogo mno hata umeme unavuja zikiwa zimezimwa. Ukiongeza mapigo, unaongeza moto. Feni zikapiga kelele kama nini, na kasi haionekani.

Oktoba 2004 Intel ikaifuta Pentium 4 ya gigahezi 4 kabla haijazaliwa. Mkuu wa kampuni, Craig Barrett, alipiga magoti jukwaani mbele ya hadhira kuomba radhi. Fikirini, mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote za chipu, magotini.

AMD wakati ule ilikuwa imepita njia nyingine. Mwaka 2003 ilitoa Opteron na Athlon 64, ikaipanua lugha ile ile ya zamani ya prosesa ifike biti 64, yaani ishike tarakimu 64 kwa mara moja badala ya 32, programu za zamani ziendelee kufanya kazi bila kusumbuliwa. Intel ilikuwa imewekeza kwenye Itanium, lugha mpya kabisa, na programu za zamani zilikokota miguu humo. Soko likaamua. Mwaka 2004 Intel ikaichukua njia ya AMD. Kwa hivyo kompyuta zenu zote za Windows mnazotumia leo zenye prosesa ya Intel, biti zake 64 zimefuata mchoro uliobuniwa na mpinzani wake. Mimi huliona jambo hili kuwa zuri mno. Wanaodhani upinzani ni kuharibiana tu, na walitazame.

Mwaka 2006 Intel ikajibu kwa Core 2 Duo, mapigo machache, kazi nyingi, joto la kuvumilika. Likawa jibu zito. Na pia, tuseme ukweli, haikushindana kwa uhandisi peke yake. Mwaka 2009 Tume ya Ulaya iliipiga faini ya zaidi ya euro bilioni 1 kwa sababu ya punguzo na malipo iliyowapa watengenezaji wa kompyuta. Faini hiyo imekuwa mahakamani miaka mingi, ikafutwa, na sehemu yake ikatozwa tena. Mwaka huo huo wa 2009 ikailipa AMD dola bilioni 1.25 kumaliza kesi kati yao.

Sasa tufike usingizini. Hapa nataka kukaa, kwa sababu kompyuta nyingi zilizomo kwenye saiba zetu na maabara za shule zilizaliwa katika usingizi huu.

Mwaka 2011 AMD ilitoa Bulldozer. Ilitangazwa kuwa na viini vinane, lakini kila viini viwili vilichangia sehemu za ndani, na kila kimoja peke yake kilikuwa dhaifu. Kwa kazi nyingi za kawaida ilishindwa na chipu za Intel zilizokuwa na viini vinne. AMD ikaanguka. Viwanda vyake ilikuwa imeshavitenga tangu 2009. Mwaka 2013 ikauza hata majengo yake ya Austin, Texas, ikabaki mpangaji ndani yake. Kufikia 2015 hisa yake moja ilikuwa chini ya dola 2.

Na Intel, ilipotazama nyuma ikaona hakuna mtu, ilifanya nini? Tazameni i7, mkubwa wa nyumba. 2011, i7-2600K: viini vinne. 2012: vinne. 2013: vinne. 2015: vinne. Januari 2017, i7-7700K: vinne. Miaka sita! Mapigo yamepanda kutoka gigahezi 3.4 hadi 4.2, na bei imebaki ile ile ya zaidi ya dola 300. Aliyetaka viini vinane vya Intel kwenye meza yake mwaka 2016 aliambiwa atoe zaidi ya dola 1,000.

Mtasema labda haikuwezekana, labda fizikia ilikataa. Kweli, kiwanda cha nanomita 10 cha Intel kilichelewa miaka, na kweli nguvu nyingi zilielekezwa kwenye laptopu, kupunguza umeme na kuboresha picha. Hayo nayakubali. Lakini niambieni: fizikia iliyokataa Januari 2017 ilikubalije Oktoba 2017?

Kilichotokea katikati ni tarehe 2 Machi 2017. AMD ilikuwa imempa uongozi Lisa Su tangu Oktoba 2014, mhandisi mzaliwa wa Taiwan. Kampuni haikuwa na pesa za kufanya mambo kumi. Ikafanya moja. Ikachora kiini kipya tangu mwanzo, kikaitwa Zen. Walikuwa wameahidi kwamba kila pigo litafanya kazi asilimia 40 zaidi ya kiini chao kilichotangulia. Walipofika sokoni wakatangaza asilimia 52. Prosesa iliyobeba kiini hicho, Ryzen 7 1800X, ikauzwa dola 499 ikiwa na viini vinane.

Dola 499, palipokuwa dola 1,000. Je, usingizi ulidumu? Oktoba ile ile Intel ikatoa i7 yenye viini sita. Mwaka 2018 i9 yenye vinane. Mwaka 2019 AMD ikaweka viini 16 kwenye soketi ya kawaida (kikao cha prosesa kwenye bodi) ya kompyuta ya mezani. Mwisho wa 2020 ikatoa Zen 3 na ongezeko la asilimia 19 kwa kila pigo. Mwishoni mwa 2021 Intel ikaja na mchanganyiko wa viini vikubwa na vidogo katika chipu moja. Aprili 2022 AMD ikapachika kumbukumbu juu ya chipu kama ghorofa, ikafika megabaiti 96 ya akiba ya karibu palipokuwa 32, na wacheza michezo wakafurahi. Miaka mitano tu hiyo. Linganisheni na ile sita iliyotangulia.

Na lipo jambo la soketi, ambalo mafundi mnalijua kwa mikono yenu. Prosesa ya Intel ya kizazi cha nane inaingia vizuri kabisa kwenye bodi ya kizazi cha saba, soketi ina jina lile lile, lakini haiwaki. Bodi mpya ilitakiwa. Kwa AMD, bodi nyingi za soketi ya AM4 zilizonunuliwa 2017 zilikubali chipu ya 2022 baada ya kusasishwa programu ya bodi. Kwa shule isiyo na bajeti ya kila mwaka, hilo lina uzito kuliko gigahezi.

Sasa nawasikia vijana wa AMD wanapiga makofi. Ngojeni. Mimi sina upande, na nawaomba nanyi msiwe na upande. AMD ilipokuwa mbele mwaka 2020, bei za Ryzen zilipanda na zile za bei nafuu zikachelewa kuja. Kampuni ni kampuni. Na Intel ya sasa imepita mitihani: mwaka 2024 ilikiri kwamba chipu za mezani za vizazi vya 13 na 14 zilikuwa zikiharibika kwa volteji iliyozidi, ikatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Mwisho wa mwaka huo ikatoa Core Ultra 200S, ambayo kwa michezo mingi ilishindwa na mtangulizi wake yenyewe, ingawa umeme inakula kidogo. Wako wanaocheka. Mimi nilihuzunika, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Intel ikidhoofika sana, tutarudi 2011, ila majina yatakuwa yamebadilishana.

Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta mbili za maabara ya shule, ya kizazi cha tatu na ya kizazi cha sita. Alitaka kujua kwa nini ile ya zamani inafungua haraka kuliko mpya. Tulipozifungua, ile ya zamani ilikuwa imewekwa SSD, yaani diski isiyozunguka, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 8. Ile mpya ilikuwa bado na diski ya kuzunguka na gigabaiti 4. Prosesa ilikuwa imekaa inangoja diski. Mwalimu yule alikuwa karibu kuomba fedha za kompyuta mpya. Alichohitaji ni SSD, ambayo bei yake haifanani kabisa na ya mashine nzima.

Ninalisema kwa sababu viini vingi navyo vina mpaka. Gene Amdahl alilieleza mwaka 1967: ikiwa nusu ya kazi haigawanyiki, hata ukileta viini elfu moja kazi yote haitafika kasi mara mbili. Kuchapa barua, kujaza fomu za serikali za eCitizen, kufungua kurasa mbili tatu, hizo viini vinne vinatosha na vinabaki. Anayehariri video za harusi ndiye anayeviona viini vinane, kwa sababu video hukatwa vipande na kila kiini hupewa chake. Mwenye saiba ya kuchapa asiuziwe mashine ya mhariri wa harusi. Na mhariri wa harusi asidanganywe na i7 ya 2012 kwa kuwa imeandikwa i7.

Kuna mstari mmoja zaidi, na huu umekuja wenyewe. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka rasmi Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, au AMD kuanzia Ryzen 2000, pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya kompyuta. Sababu iliyotolewa ni usalama. Hata hivyo mstari umeangukia palepale usingizi ulipoisha. Ndiyo maana sasa hivi kompyuta za vizazi vya sita na saba zinamwagwa sokoni kwa wingi, na ndiyo maana muuzaji ana hamu mziondoe. Zikiwa na Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, zitawafaa bado miaka mingi, nami nimeziweka hivyo kwa watu wakaridhika. Lakini zinunuliwe kwa bei ya mashine ya 2015.

Basi ombi langu kwa walimu wakuu na wenye saiba ni hili. Mnapoandika oda, msiandike "Core i5." Jina hilo limebeba viini vinne vya 2011 na viini sita vya 2017 bila kuona haya. Andikeni nambari kamili: i5-8400, au Ryzen 5 2600, au i3-8100 ambayo kwa kazi za ofisi inasimama sawa na i5 ya mwaka uliotangulia. Andikeni SSD. Andikeni RAM gigabaiti 8. Ombeni bei ya Intel na bei ya AMD kwenye karatasi moja, kama IBM ilivyotaka wawili mezani. Na mashine zikishushwa gatini, kabla ya kutia saini, ziwasheni moja moja, bonyezeni kitufe cha Windows na herufi R, andikeni dxdiag, msome jina la prosesa kwa macho yenu na kulilinganisha na oda. Lisipolingana, mashine irudi kwenye boti.

Haya, mikono naiona. Tuanze na maswali, na yule dada wa kule dirishani ndiye aliyetangulia.